Nukta Iliyozoeleka

Mwanzoni alidhani ni mavi ya nzi.

Lenzi alihema juu ya kioo cha skrini, akapangusa kwa kitambaa laini, akarudisha kichwa nyuma kutazama. Nukta ilikuwa palepale, juu kidogo upande wa kulia, nyeusi, ndogo kama mbegu ya ufuta. Akapangusa tena. Kitambaa kilitoka safi. Skrini ile ilikuwa yake mwenyewe, ya mezani kwake, mpya kabisa, na jana ilikuwa haina hata mkwaruzo.

Mtu mwingine angepuuza. Lakini nukta ndiyo ilikuwa kazi ya Lenzi. Kampuni iliyomwajiri iliuza skrini za kompyuta, naye alikaa chumba cha ukaguzi wa waranti, nyuma ya mapokezi, kioo cha kukuzia kikimning'inia shingoni kwa kamba. Wenzake walimwita Lenzi mpaka jina alilopewa na wazazi likasahaulika. Skrini, kama alivyopenda kuwaeleza wateja kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu, ni mamilioni ya vinukta vinavyowaka kwa pamoja. Kimoja kikifa, hubaki cheusi. Waranti haikufidia kila nukta iliyokufa. Zile chache zilizotawanyika, mteja alitakiwa kuzivumilia. Zilizoshikana, hata zikiwa mbili tu, skrini ilibadilishwa bila mjadala, kwa sababu nukta zilizoshikana huambukizana: leo mbegu ya ufuta, kesho punje ya dengu.

Mwenye kuamua kama zimeshikana au zimetawanyika alikuwa Lenzi. Na Lenzi alikuwa bingwa wa kutawanya. Mteja aliingia na skrini mbovu, akatoka nayo, na njiani akaanza kujiona yeye ndiye mbovu. Wakubwa walimpenda kwa hilo. Yeye mwenyewe alijipenda zaidi.

Asubuhi ile alihamia kwenye benchi la majaribio, akawasha skrini iliyotoka kwenye boksi dakika ileile, plastiki yake ingali imeng'ang'ania pembeni. Nukta. Akawasha iliyofuata. Nukta, palepale, juu kidogo upande wa kulia. Akajiambia ni macho yake, amechoka. Akayafumba, akayasugua, akageuka kutazama ukuta mweupe. Ukutani hapakuwa na kitu. Akarudi kwenye skrini, akachomoa waya wa umeme. Kioo kizima kikawa cheusi, na ndani ya weusi ule nukta ilionekana bado, nyeusi kuliko skrini iliyozimwa, nyeusi kama tundu ambalo upande wa pili kuna mtu ameegemeza jicho lake.

Ndipo aliposikia: chssssss. Sauti ya unyevu, kama pasi ya moto inapokutana na kitambaa kibichi. Ilitokea nyuma ya sikio lake.

Dada wa mapokezi akachungulia mlangoni. "Kaka Lenzi, unapiga pasi humu?"

"Pasi ya nini?"

"Nasikia harufu ya wanga. Ule wa kukakamaza kola." Aliingia, akafunga mlango taratibu, akashusha sauti. "Na kompyuta yangu imetoka kidoa. Nimekipangusa mpaka nimechoka. Kaka, mimi sisemi ni jambo gani, ila limeanza tangu ile skrini iletwe."

"Skrini ipi?"

"Ya yule fundi wa eksirei. Jana nilikwambia, ukanipungia mkono ukiwa kwenye simu. Ameiweka rafuni. Nikamuuliza kama anataka kubadilishiwa, akasema hapana, hataki kitu. Akasema wewe mwenyewe utaelewa."

Lenzi alitazama rafuni. Skrini ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cheupe kilichonyooshwa kwa pasi, mikunjo yake imesimama kama makali ya kisu. Hakukifunua. Alimkumbuka yule fundi vizuri, ingawa angependa kutomkumbuka.

Alikuwa mtu mpole, wa hospitali ndogo, aliyeingia na skrini mikononi kama amebeba mtoto mgonjwa. "Kaka, hii tunatazamia vifua vya watu," alisema siku ile. Lenzi aliinama na kioo chake. Nukta zilikuwa nne, zimeng'ang'aniana kama ndugu wakati wa baridi. Aliziona wazi kabisa.

"Zimetawanyika," alisema.

"Hebu angalia tena, kaka. Daktari analalamika."

"Nimeangalia. Bwana, hata mwezi una madoa na watu wanautungia mashairi." Watu waliokuwa wakisubiri walicheka, naye akanogewa. "Mwambie daktari wako atazoea."

Fundi aliibeba skrini yake akaondoka. Hakugombana. Na sasa ilikuwa imerudi.

*

Mkewe Lenzi alikuwa msusi, mwanamke wa maneno na vicheko, aliyewasuka wateja sebuleni kwake mlango ukiwa wazi. Jioni ile alimpokea mumewe kwa tabasamu la upande mmoja.

"Mwenzangu, ahsante kwa pasi. Sikujua una mkono mzuri hivyo."

"Pasi ipi?"

"Nimefungua kabati, nguo zote zimenyooka utadhani tunahamia ikulu. Mpaka matambara ya kufutia vumbi! Kama si wewe, basi una mwanamke nje. Na kama unaye, mimi simfukuzi, mwache aje anyooshe na mashuka."

Lenzi hakucheka. Alikwenda kabatini, akavuta shati la kwanza. Lilikuwa na joto. Mikunjo ya mikono ilikuwa kamili, kola imekakamaa kwa wanga, na kifuani, juu kidogo upande wa kulia, palikuwa na tundu dogo lililoungua kingo. Akavuta jingine. Tundu. Akavuta gauni la mkewe. Tundu. Mkewe aliyekuwa akiendelea na mzaha wake mlangoni alinyamaza polepole, kama redio inayoishiwa betri, kisha akampita mumewe, akapekua mpaka chini kabisa, zilipokuwa sare za shule za binti yao. Akainua ya kwanza mbele ya taa. Mwanga ukapenya kifuani, uzi mmoja mwembamba.

"Ni nani anaingia nyumbani kwangu?" aliuliza kwa kunong'ona.

Binti yao walimwita Kasuku, maana alianza kuongea kabla ya kuota meno, na tangu hapo hakupumzika. Alisema akila, alisema akioga, alisema usingizini. Kesho yake aliamka kimya. Alipokunywa chai alikohoa, na kikohozi hakikuwa cha mtoto. Kilikuwa kikavu, kirefu, cha mtu mzima aliyechoka. Baba na mama walitazamana juu ya kichwa chake.

"Umeshikwa na mafua, mama?" mkewe Lenzi aliuliza.

Kasuku alitikisa kichwa. "Nimechoka kusimama," alisema. "Nguo ni nyingi."

"Nguo gani?"

"Za yule baba." Mtoto alielekeza kidole chumbani kwake, bila hofu, kama anayeonyesha mgeni aliyefika wakati wazazi hawapo. "Yule mrefu. Anakaa kwenye kiti changu. Anakunja nguo, anakunjua, anakunja tena. Halafu analia."

Mama yake alimwinamia. "Analia vipi?"

Kasuku akafikiri, akakunja midomo, akatoa sauti kwa ufundi wake ule wa kuiga kila kitu. "Chssssss."

Mkewe Lenzi alisimama ghafla, akambeba mtoto kama vile bado ni wa kubebwa, akatoka naye mpaka nje kwenye jua, na hakukubali kurudi ndani mpaka alipoletewa viatu, mkoba na baba wa mtoto, na safari ya hospitali kubwa ikaanza palepale.

Picha ilipigwa. Daktari aliwaita ndani, akawaonyesha mbavu za binti yao zikiwaka kwa rangi ya maziwa kwenye skrini pana. "Kifua kisafi kabisa," alisema. "Mtoto mzima huyu. Pengine ni vumbi tu."

Lenzi hakuwa akitazama mbavu. Alikuwa akitazama juu kidogo, upande wa kulia.

"Na hiyo, daktari?"

"Ipi? Ah, hiyo." Daktari aligonga kioo kwa ukucha. "Hiyo ni ya skrini yetu, mzee. Isikutie wasiwasi. Tumeizoea."

Lenzi alisogea karibu na kioo. "Tafadhali," alisema, na mkewe alishangaa, maana hakuwa amewahi kumsikia akitumia neno hilo na mtu asiyekuwa bosi wake, "tafadhali, fungua picha hiyo kwenye skrini nyingine."

Daktari aliona mzazi mwoga, akamhurumia. Walihamia chumba cha pili. Picha ikafunguka, mbavu zikawaka, na nukta ikatokea palepale, safari hii kubwa kama punje ya dengu. "Aa, na hii nayo imeharibika," daktari alisema, akaguna, akaizima. Kasuku akakohoa kile kikohozi chake cha utu uzima. Chumbani kukanuka nguo iliyoungua, na muuguzi aliyekuwa akipita akauliza ni nani amesahau pasi.

*

Siku hiyohiyo mchana Lenzi alimwendea fundi wa eksirei. Alimkuta nyuma ya hospitali yake ndogo, ameketi kwenye kreti la soda, hana haraka.

"Nilijua utakuja," fundi alisema. Hakumkaribisha kukaa.

"Umeniletea nini ofisini kwangu?"

"Nimekurudishia skrini yenu. Kilichokuja nayo si mimi niliyekialika." Fundi alitazama pande zote, akashusha sauti. "Ulimfahamu dobi wa barabara ya nyuma?"

"Hapana."

"Mwanamke kijana. Sare zetu zote hapa alikuwa anafua yeye. Alikuja na kikohozi, nikampiga picha kwa mikono yangu. Doa lake lilikuwa juu, upande wa kulia, kaka. Palepale. Wakati huo nukta zenu zilishakula majirani zao, zimekuwa doa, na kila picha daktari aliyofungua ilikuwa nalo. Ya mzee inalo, ya mtoto inalo, ya mwenye kifua kizima inalo. Amwamini nani? Akamwambia dobi ni moshi wa pasi ya mkaa, apumzike. Dobi akarudi. Akaambiwa vilevile. Alipozidiwa wakampeleka kwingine, wakaifungua picha kwenye skrini safi." "Doa likawa bado lipo."

Lenzi alitaka kusema kitu kuhusu masharti ya waranti.

"Daktari aliizoea," fundi alisema. "Kama ulivyomwagiza."

"Na huyo... anayekuja kwangu. Ni yeye dobi?"

"Dobi amelala alikozikwa. Huyo ni mumewe." Fundi alisugua mikono yake kana kwamba ina baridi. "Watu walikuwa wakisema dobi hakuolewa kwa sababu ana wake asiyeonekana. Tuliwacheka. Lakini mimi nilipokuwa nachukua sare asubuhi, nilikuwa nasikia anaongea na kucheka peke yake mle ndani, na pasi mbili zinafanya kazi kwa wakati mmoja. Mimi ananiacha. Nadhani ni kwa sababu nilikuja kuwaomba. Nenda kwa mama yake dobi, kaka. Mimi sina cha kukusaidia."

Lenzi hakwenda kwa mama wa dobi. Aibu ilikuwa nzito kuliko hofu, kwa siku ile. Alirudi nyumbani akamkuta mkewe ameshaita mganga, mwanamke mnene, mtaratibu, ambaye majirani walisema ametoa majini sugu kwenye nyumba zilizokwisha kuhamwa. Mganga alikuwa amesimama katikati ya chumba cha Kasuku na chetezo cha ubani mkononi. Mapazia yalikuwa yamenyooshwa, shuka limenyooshwa, hata karatasi za ukutani alizochora mtoto zilikuwa zimebandukwa, zikanyooshwa kwa pasi na kupangwa juu ya kiti.

Mganga alivuta pumzi moja ndefu, kisha akafanya jambo ambalo mkewe Lenzi hakulitarajia: akakizima chetezo, akakiweka chini.

"Huyu si wa moshi," alisema polepole. "Wapo wanaokuja kwa njaa, wapo wanaokuja kwa utundu, hao nawaondoa. Huyu ni mfiwa. Ana msiba. Ukimfukuza mfiwa anarudi na haki yake mkononi." Akamgeukia Lenzi. "Baba, ulimfanyia nini huyu?"

Na kabla Lenzi hajajibu, wote watatu waliona shati alilovaa linaanza kutoa mvuke mwembamba pale kifuani, na kitambaa kikabadilika rangi mbele ya macho yao, njano, kahawia, nyeusi, tundu likafunguka taratibu bila moto wowote kuonekana, na Lenzi akabaki amesimama hapigani, mikono imening'inia, huku akisikia karibu kabisa na shingo yake pumzi ya mtu mrefu aliyejizuia kwa muda na sasa hataki kujizuia tena.

Akawaambia yote. Akamwambia mkewe zilikuwa nne na zimeshikana. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamvalisha mtoto koti.

"Twende kwa huyo mama," alisema. "Na ukifungua mdomo kujitetea, nitakuacha hukohuko."

*

Mvua ilikuwa imeanza walipofika. Chumba cha dobi kilikuwa kirefu, chembamba, kamba zimepita juu toka ukuta hadi ukuta, na mashuka ya watu yananing'inia mpaka magotini. Mwisho wa chumba, mwanamke mzee alikuwa akipiga pasi. Meza ya pembeni yake ilikuwa na pasi nyingine, imewaka makaa, imesimama, haina mtu.

"Hodi, mama," mkewe Lenzi alisema.

"Karibuni." Mama wa dobi hakuinua uso. "Yupi kati yenu ndiye wa nukta?"

"Ni mimi, mama," Lenzi alisema.

Sasa aliinua uso. Alimtazama kwa muda mrefu, bila ukali, jinsi mtu anavyotazama nguo kuamua kama doa lake litatoka. "Nilidhani utakuwa mtu mkubwa," alisema. "Kumbe unaenea mlangoni." Akarudi kwenye pasi yake. "Mimi sikumtuma. Hilo mlijue. Lakini sitamwita arudi."

"Mama, naomba—"

"Nimesema sitamwita."

Mkewe Lenzi alipiga magoti kwenye sakafu yenye maji, Kasuku mikononi. Mtoto alikuwa amelegea, midomo imekauka, kikohozi kikimtikisa kila mara. "Mama," msusi alisema, na sauti yake, iliyozoea kuchekesha sebule nzima, ilikuwa imebaki uzi, "sikuja kumwombea huyu mwanamume. Huyu mfanye utakavyo. Nimekuja na mwanangu."

Pasi ya mama wa dobi ilisimama. Alimtazama mtoto. Alikiona kile kifua kidogo kikipanda na kushuka kwa shida, akakijua, maana alikuwa amekitazama cha namna hiyo kikipanda na kushuka mpaka kilipoacha. Uso wake ukapigana na wenyewe. Mwisho akaiweka pasi yake juu ya kiegemeo, akajifuta mikono, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mtu wa chumba cha pili:

"Mkwe."

Mvua nje ilikuwa ikipiga bati kwa nguvu, lakini ndani ya chumba mshindo wake ulikatika kabisa, na mashuka yote juu ya kamba yakajinyoosha kwa wakati mmoja bila upepo, yakakakamaa kama mbao, na katikati ya mashuka mawili palionekana, si mtu, bali pale mtu angesimama kama angekuwapo, umbo refu la mvuke lililoinamisha kichwa ili lisiguse dari, na harufu ya wanga ikajaa mpaka ikawa chungu ulimini, kisha umbo lile likapotea na Kasuku akaketi wima mikononi mwa mama yake, macho yamefumba, akafungua mdomo.

"Shikamoo, mama mkwe," alisema. Sauti ilikuwa ya mwanamume, nzito, yenye adabu.

Mkewe Lenzi aliziba mdomo kwa kiganja asipige kelele.

"Marahaba, baba," mama wa dobi alijibu. "Umekula?"

"Sijala tangu tumzike."

"Mimi pia sili vizuri." "Mkwe, huyu mtoto si wetu. Mwache."

"Na mke wangu alikuwa wao? Mbona hawakumwacha?"

"Najua. Lakini mimi nimeshazika. Sitaki kumfundisha mama mwingine kazi hiyo. Huyu mtoto namwombea."

Kasuku akageuza kichwa, macho yangali yamefumba, mpaka uso wake ukamwelekea baba yake. "Na huyu?"

Mama wa dobi alishika tena mpini wa pasi. "Huyu simwombei," alisema.

Mtoto akainuka kutoka kwenye magoti ya mama yake, akatembea, miguu mitupu haiachi alama kwenye maji ya sakafuni, akasimama mbele ya Lenzi. Kutoka kwenye kile kimo kidogo, sauti ile nzito ikauliza taratibu:

"Ulipoinama na kioo chako, zilikuwa zimeshikana au zimetawanyika?"

"Zilikuwa zimeshikana."

"Ukasemaje?"

"Nikasema zimetawanyika."

"Kwa nini?"

Lenzi alitafuta sababu. Alipita kwenye masharti, akapita kwa wakubwa wake, akapita kwenye kazi na jinsi kazi ilivyo, na kila alipogusa alikuta hapashiki. Chini kabisa kulikuwa na jambo moja tu, dogo, la aibu, na ndilo lililokuwa kweli.

"Kwa sababu niliweza," alisema.

Pasi isiyo na mtu ilitoa mvuke. "Basi," jini alisema, "na mimi naweza."

Kasuku alikohoa mara moja, kwa nguvu, kikohozi chake mwenyewe cha mtoto, akaanguka, mama yake akamdaka. Joto likampita Lenzi usoni kama mtu amemsogezea bamba la pasi karibu na kope. Alipiga yowe, akafunika macho. Kisha mvua ikarudi juu ya bati, mashuka yakalegea, na Kasuku akaanza kulia na kuongea kwa pamoja, kuuliza hapa ni wapi, na kwa nini magoti ya mama yamelowa, na kama kuna maji ya kunywa.

Lenzi alifumbua macho. Aliziona kamba, mashuka, matone dirishani, vidole vya mkewe vilivyomshika mtoto, hata uzi uliofumuka kwenye koti la Kasuku. Kila kitu kilikuwa wazi kuliko awali. Akainua macho amtazame binti yake usoni.

Palikuwa na nukta. Nyeusi, kubwa, imeenea toka kipaji hadi kidevu. Akamtazama mkewe. Nukta. Akamgeukia mama wa dobi, na juu ya mabega yale ya kizee, mahali pa uso, hapakuwa na kitu ila ule weusi.

"Sioni nyuso zenu," alisema. "Jamani, sioni nyuso."

Nyuma ya sikio lake, kwa upole kabisa, sauti ikamjibu: "Utazoea."

*

Hakuzoea. Kampuni ilimwachisha kazi alipoanza kuwakwepa wateja kwa kutazama sakafu. Madaktari wa macho walimmulika, wakasema macho yake ni mazima kuliko ya kijana. Mkewe hakumwacha, ila alikoma kufanya mzaha akiwa naye chumba kimoja, na yeye hakuwa na uso wa kumsoma ajue kama amemsamehe. Aliketi barazani mchana kutwa, akiwajua watu kwa viatu vyao.

Kasuku ndiye aliyempatia njia. Alipona kabisa, akarudia kuongea bila nukta wala mkato, na jioni moja alimshika baba yake mkono akauweka usoni kwake mwenyewe. "Si unaona kwa vidole?" alisema. "Haya, nisome." Tangu hapo ikawa ada yao. Kila akirudi kutoka shule, humwendea baba yake na kusimama mbele yake kimya, kazi ngumu kweli kwa mtoto yule, naye humpapasa: kipaji cha mama yake, nyusi, kovu dogo la tetekuwanga, shimo la shavuni. Wakati ule tu, kwa siku nzima, Lenzi alikuwa na amani.

Alasiri moja alisikia hatua ndogo sebuleni, zikaja zikasimama mbele ya kiti chake. Akatabasamu, akanyoosha mikono. Kipaji kilikuwapo. Nyusi. Kovu la tetekuwanga. Shimo la shavuni likabonyea chini ya kidole gumba chake.

"Mwanangu," alisema, "mbona leo una joto hivi?"

"Baba?" Kasuku aliita kutoka uani, ambako alikuwa akimsaidia mama yake kuanua nguo. "Unaongea na nani huko?"

Lenzi aliivuta mikono yake haraka. Kilichosimama mbele yake hakikukimbia. Kilimshika kiganja, kikakirudisha shavuni pake taratibu, kikakikandamiza hapo, kama mfiwa aliyekaa siku nyingi bila kuguswa na mtu.